Kisanamu Usichokipata Dukani: Kukata, Kuunga na Kupaka Rangi Visanamu vya Lego

Kwenye masanduku ya Lego utawakuta maharamia, wanaanga, polisi, wazimamoto na mashujaa wa filamu. Mzee wa pwani aliyevaa kanzu na koti, bakora mkononi, ni vigumu kumkuta humo. Vilevile mama muuza vitumbua, utingo wa daladala au nahodha wa jahazi. Anayetaka watu wa namna hiyo kwenye mji wake wa matofali ya plastiki hana budi kuwatengeneza mwenyewe: achague vipande, akate panapobidi, aunge kwa gundi, apake rangi. Vifaa vingi vinavyohitajika vinauzwa kwenye duka la kawaida la vifaa vya ujenzi, na mikono huzoea haraka kuliko watu wanavyodhani.

Natanguliza msimamo wangu, maana mashauri yote yatakayofuata yanatoka hapo. Kisanamu kilichobadilishwa vizuri hubaki kuwa kitu cha kuchezea. Kichwa kigeuke, mikono ipande na kushuka, kiganja kishike, miguu ikunjike, na nyayo zikae imara juu ya vinundu vya tofali. Kisanamu kilichogandishwa viungo vyote kwa gundi na kufunikwa rangi nzito kinaweza kupendeza kabatini, lakini kimepoteza kile kilichokitofautisha na sanamu nyingine yoyote ya plastiki. Kwa hiyo kabla ya kila hatua jiulize: baada ya hapa, kitaendelea kucheza?

Kijue kwanza unachokishika

Kampuni ya Lego ilianzishwa mwaka 1932 katika mji wa Billund, Denmark, na fundi seremala Ole Kirk Kristiansen. Tofali la plastiki tunalolijua leo liliombewa hataza tarehe 28 Januari 1958. Kisanamu chenye mikono na miguu inayosogea kilitoka mwaka 1978, kazi ya mbunifu Jens Nygård Knudsen. Vipimo vyake vya msingi vimedumu tangu hapo, hivyo kichwa cha 1978 kinakaa sawasawa kwenye kiwiliwili kilichotoka kiwandani juzi. Hilo ndilo linalokupa uwanja mpana wa kuchagua: vipande vya zaidi ya miaka 40 vinaingiliana.

Kisanamu kizima kina kimo cha karibu sentimita 4 bila kofia. Kina kichwa, kiwiliwili chenye mikono miwili na viganja viwili, nyonga yenye miguu miwili, na juu kabisa nywele au kofia. Karibu vyote hivyo vinachomoka. Kuna vipimo vitatu vya kukariri. Vinundu vya tofali vimepishana milimita 8 kutoka kitovu hadi kitovu. Kipenyo cha kinundu ni milimita 4.8. Na kiganja hushika fimbo yenye unene wa takriban milimita 3.2. Kipimo hiki cha mwisho utakihitaji mara nyingi, kwani bakora, kasia, mkuki au mpini wa sufuria lazima ufikie hapo. Fimbo nene kuliko hivyo hupasua kiganja, na nyembamba sana huanguka. Kijiti cha mishikaki kilichochaguliwa vizuri na kulainishwa kwa msasa hutoa bakora nzuri sana.

Viwandani vipande hivi hutengenezwa kwa usahihi wa sehemu za mia za milimita. Kushikana kwake, kulegea kwake na hata mlio wake wa kubana vinategemea usahihi huo. Tabaka la rangi ambalo jicho halilioni linatosha kuzuia mkono usizunguke.

Plastiki yenyewe ni ya aina kadhaa, na usipozitofautisha utapoteza gundi na rangi bure. Sehemu kubwa ya kisanamu ni plastiki iitwayo ABS: ngumu, yenye kung'aa, inakatika vizuri na inakubali gundi na rangi. Vipande vinavyopitisha mwanga kwa miaka mingi vilitengenezwa kwa polikabonati, ambayo ni ngumu zaidi kuikata. Majani, vichaka na miti ni polithini, na tangu 2018 kampuni hiyo imekuwa ikitumia polithini inayotokana na miwa kwa vipande hivyo. Polithini haishiki gundi wala rangi. Ikionekana kushika, itabanduka. Baadhi ya nywele na kofia za miaka ya karibuni nazo ni laini kama mpira. Ubonyeze ukingo wake kwa kucha: ukipinda na kurudi, tafuta kipande kingine cha ABS badala yake.

Vipande utavipata wapi? Mtandaoni soko kubwa zaidi la vipande vilivyotumika ni BrickLink, lililoanzishwa mwaka 2000 na kununuliwa na Lego mwaka 2019. Huko unaweza kununua mkono mmoja tu, au kichwa kimoja. Ukiwa na subira, pitia mafungu ya vitu vya kuchezea kwenye mitumba, kwa sababu vipande vilivyochubuka au visivyo na wenzake havina thamani kwa mkusanyaji ila kwako ni malighafi. Pia kuna visanamu vya kuiga vinavyouzwa kwa bei ndogo. Kwa mazoezi vinafaa sana. Plastiki yake hutofautiana, kwa hiyo weka tone dogo la gundi ya plastiki mahali pasipoonekana. Pakilainika na kunata, kipande hicho kitaungika. Gundi ikikauka juu bila kuacha alama, kitumie kujifunza kukata tu.

Kuchagua ni nusu ya kazi

Waanzao wengi hukimbilia kisu. Mimi nashauri uanze kwa kumwaga vipande vyote mezani na kuvipanga kwa rangi, maana rangi bora kuliko zote ni ile iliyomo ndani ya plastiki yenyewe. Haichubuki, haiongezi unene, haihitaji vanishi.

Tumchukue dereva wa bodaboda. Visanamu vya wafanyakazi wa barabarani vina viwiliwili vyenye kizibao cha rangi ya machungwa na mistari ya kuakisi mwanga. Helmeti yenye kioo cha usoni imetumika kwa miaka mingi kwa waendesha pikipiki. Miguu ya buluu inasimama mahali pa suruali ya jinzi. Kichwa cha kahawia chenye ndevu chache kinapatikana. Mtu wetu amekamilika na kisu hakijatoka kwenye ala yake.

Mzee wa pwani anahitaji zaidi kidogo, na nitamfuata hadi mwisho wa makala haya. Kanzu haiwezi kuonekana ikiwa miguu imeachana, kwa hiyo ondoa nyonga na miguu, uweke tofali jeupe la mteremko ambalo Lego hulitumia kama gauni la wanawake wa kasri. Kwa koti, tafuta kiwiliwili cheusi au cha kijivu chenye kola za suti na shati jeupe katikati. Vipo vingi, kwa sababu visanamu vya wafanyabiashara na wahudumu vimetoka mara nyingi. Mikono huja na rangi ya koti. Weusi wa koti juu, weupe wa kanzu chini, na tayari umemtambua mtu huyu ukiwa mbali. Tai iliyochapishwa kifuani itafutwa. Kofia itafinyangwa. Hivyo viwili ndivyo vinavyobaki.

Kwa mtoto usikate miguu ya mtu mzima. Miguu mifupi isiyokunjika ilitoka mwaka 2002, na ya urefu wa kati, inayokunjika, ikafuata mwaka 2018.

Mikono huchomolewa kwa kuishika karibu na bega na kuivuta kwa nje huku ukiizungusha taratibu. Usiivute kwa nguvu ya ghafla. Chini ya kwapa ndipo viwiliwili hupata ufa, hasa vya zamani, na mkono uliochomolewa mara nyingi hulegea. Chomoa ukijua hasa utaweka nini.

Kukata

Kipande kilichokatwa hakirudi, kwa hiyo kila mkato ujaribiwe kwanza kwenye kipande kibovu cha aina ileile. Vifaa vya msingi ni kisu chenye wembe wa kubadilisha, msumeno wa sonara wenye uzi mwembamba, tupa ndogo za fundi saa au sonara, msasa wa maji wa namba 400 hadi 2000, jiliwa ndogo ya mezani, na keekee ya mkono yenye biti ya milimita 1. Miwani ya kukinga macho ni ya lazima, maana kipande cha ABS kikibanwa na kuvunjika huruka kwa kasi.

Usishike kisanamu kwa vidole vya mkono mmoja huku ukikata kwa mwingine. Ajali nyingi za kazi hii hutokea hapo. Kibane kwenye jiliwa ukiwa umefunika taya zake kwa tepu au kipande cha ngozi ili zisiache alama, na uelekeze wembe mbali nawe. Wembe butu ni hatari kuliko mkali kwa sababu unaulazimisha, kisha unateleza. Ubadilishe mapema.

Kuna watu hupasha kisu moto ili kikate kwa urahisi. Usifanye hivyo. ABS ikiungua hutoa mvuke wenye sumu, ukiwemo wa styrene, na mkato wenyewe hutoka na kingo zilizoyeyuka ambazo utazisafisha kwa muda mrefu zaidi ya ule uliouokoa.

Chora mstari kwa kalamu ya risasi juu ya tepu ya karatasi iliyobandikwa kwenye kipande. Kata nje kidogo ya mstari, kisha fikia mstari kwa tupa. Kumbuka pia kwamba msumeno hula plastiki kwa unene wa uzi wake. Ukipanga kuunga tena vipande viwili ulivyovitenganisha, vitakuwa vimefupika kidogo, na kwenye mwili wa sentimita 4 tofauti hiyo inaonekana.

Mkato unaofaa kuanzia ni wa nywele. Nywele na kofia haziwezi kukaa pamoja kichwani, kwa hiyo ukimtaka mama mwenye nywele zinazotokeza chini ya kofia ya pama, kata sehemu ya juu ya nywele, ubakize ukingo wa nyuma na pembeni, uunge ukingo huo ndani ya kofia. Kichwa hakiguswi, na kofia bado inavulika.

Mkato wa pili ni wa kiwiko. Mkono wa kisanamu umepinda kidogo tangu kiwandani. Ukiukata mshazari palepale unapopindia, kisha ukageuza kipande cha chini nusu mzunguko na kukiunga tena, mkono hunyooka. Palipozidi panamaliziwa kwa tupa. Hivyo unapata mtu anayeonyesha njia, anayesukuma mkokoteni au anayenyoosha mkono kupokea chenji. Bega halikuguswa, kwa hiyo mkono unaendelea kuzunguka, na kiganja bado kinageuka kwenye tundu lake.

Baada ya kukata, lainisha kwa msasa uliolowa maji. Maji huzuia vumbi la plastiki lisiingie kifuani na huacha uso laini zaidi. Anza na namba ndogo, malizia na kubwa, na usiruke hatua. Michirizi ya msasa wa namba 400 itaonekana chini ya rangi hata ukipaka mara tatu.

Kuunga

Gundi zipo za aina tatu, kila moja na kazi yake.

Gundi ya plastiki, ile ya watengenezaji wa mifano ya ndege na magari, huyeyusha nyuso mbili za ABS na kuzifanya kitu kimoja. Ndiyo imara kuliko zote. Ipake kidogo kwa brashi yake, bana vipande, acha hadi kesho yake. Ikimwagika usiipanguse, maana utatandaza plastiki iliyoyeyuka. Iache ikauke, kisha isugue kwa msasa. Haifanyi kazi kwenye polithini.

Supa gluu ni ya haraka na inapatikana kila mahali, lakini ina kasoro tatu. Kiungo chake ni kikavu, huachia kikigongwa. Mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya plastiki inayong'aa, hasa ukitumia nyingi mahali pasipo na upepo. Nayo ikigusana na kitambaa au pamba kwa wingi hupata joto kali la kuweza kuunguza ngozi, kwa hiyo usiipanguse kwa pamba wala usivae glavu za pamba. Vidole vikinasa, viloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni na uvitenganishe kwa kuvizungusha, bila kuvivuta. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi ya uvuguvugu na uende hospitali mara moja.

Epoksi ya mirija miwili, ambayo wengi wanaiita Araldite kwa jina la chapa yake, huunga plastiki na chuma, mbao au kitambaa. Hii ndiyo ya kutumia kwa vifaa vya mkononi na mapambo.

Kiungo chembamba kama kiwiko hakitadumu kwa gundi peke yake. Toboa tundu la milimita 1 katikati ya kila uso wa mkato, chomeka kipande cha waya wa kibanio cha karatasi, kisha tia gundi. Waya hubeba mzigo, gundi huzuia mzunguko. Kupata matundu yanayolingana, tia nukta ya rangi mbichi kwenye uso mmoja, uguse wa pili, na utoboe palipopata alama.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Kofia yake tunaifinyanga kwa epoksi ya kukanda, ile ya vipande viwili ambayo mafundi bomba huitumia kuziba mivujo. Pakaza kichwa Vaseline nyembamba ili epoksi isigande nacho. Vaa glavu za plastiki, maana epoksi mbichi huwasha ngozi. Kanda sehemu mbili hadi rangi iwe moja, finyanga bamba jembamba, lizungushe kichwani kuwa ukuta wa kofia, kisha funika juu kwa duara bapa. Kabla haijagumu, chomachoma ubavuni kwa ncha ya sindano uache safu za vijitundu vilivyopangana. Hayo ndiyo matarizi yake, na nuru ikipita juu yake yanaonekana vizuri kuliko ukiyachora kwa rangi. Epoksi za mafundi bomba hugumu ndani ya dakika chache, kwa hiyo usikande nyingi kwa mara moja. Ikishagumu, ichomoe, isugue kwa msasa, na sasa mzee anaweza kuvua kofia aingiapo nyumbani.

Rangi

Hapa ndipo visanamu vingi vizuri huharibikia, na sababu karibu kila mara ni haraka.

Anza kwa kufuta kisichotakiwa. Tai ya yule mfanyabiashara inafutika kwa Brasso, dawa ileile ya kung'arisha shaba iliyomo kwenye nyumba nyingi. Chovya kijiti cha pamba, sugua mahali pale tu kwa mizunguko midogo, angalia mara kwa mara, osha kwa sabuni. Dawa ya meno hufanya kazi hiyohiyo polepole zaidi. Asetoni ya kufutia rangi ya kucha usiilete karibu: inafuta chapa na kuyeyusha uso wa kipande kwa pamoja. Kwa sababu hiyohiyo rangi ya kucha yenyewe haifai, kwani viyeyushi vyake hula ABS. Rangi za kupuliza za magari nazo huweza kuichubua, hivyo zijaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa.

Osha kipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo ili kuondoa mafuta ya vidole, kikauke kabisa, kisha kishike kwa kijiti kilichochomekwa kwenye tundu lake, usikiguse tena kwa mkono. Uso unaong'aa ukwaruzwe kidogo kwa msasa wa maji namba 1000. Puliza praima kwa matabaka membamba ukiwa umbali wa sentimita 20 hadi 25, ukianza kupuliza kabla ya kufika kwenye kipande na kumalizia ukishakipita. Tabaka moja zito litaziba mikunjo ya nguo na vidole vya viganja.

Walio Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Zanzibar na kwingine pwani wazingatie unyevu wa hewa. Rangi na vanishi za kupuliza zikipigwa wakati hewa ina unyevu mwingi hunasa maji na kukauka zikiwa na ukungu mweupe. Wakati wa masika subiri siku kavu, upulize saa za mchana, au utumie brashi.

Kwa brashi, rangi ya akriliki inatosha kwa kila kitu. Haina harufu kali, inaoshwa kwa maji ikiwa mbichi, na haili plastiki. Ipunguze kwa maji kidogo hadi iteleze bila kuchuruzika, ipake mara mbili au tatu, na kila tabaka likauke kabla ya linalofuata. Tabaka la kwanza litaonekana baya, lenye mabaka. Liache hivyo. Ukilirudia likiwa halijakauka utalikwangua lote.

Kuna mahali pa kutopaka kabisa: ndani ya viganja, sehemu ya mkono inayoingia kwenye bega, shingo, ndani ya nyonga, ubavu wa miguu inaposuguana, na matundu ya nyayo. Yafunike kwa tepu ya karatasi. Rangi hapo ama itazuia kiungo, ama itasagika siku ya kwanza ya mchezo. Ukiona kwamba mpango wako unalazimu kupaka maeneo hayo, rudi mezani utafute kipande chenye rangi unayoitaka.

Uso unahitaji mkono uliotulia. Usichore jicho kwa brashi. Tumia kichwa cha pini: kichovye kwenye rangi nyeusi, kiguse mara moja, kiinue. Nukta hutoka duara kamili. Zikikauka, ongeza nukta ndogo sana ya nyeupe kwa ncha ya sindano, upande uleule kwa macho yote mawili. Bila nukta hiyo mtu anaonekana amelala macho wazi. Ndevu nyeupe za mzee wetu zipakwe kwa brashi iliyokaribia kukauka, kwa viharusi vifupi vya kuelekea chini. Mikunjo miwili midogo pembeni mwa macho, kwa rangi ya kahawia iliyokoza kidogo kuliko ngozi, inamwongezea miaka 30. Nyusi zikiinuka anakuwa mpole, zikiteremka kuelekea puani anakuwa mkali.

Kalamu za wino wa spiriti zinavutia kwa mistari myembamba, ila wino wake husambaa chini ya vanishi. Chagua kalamu ya wino wa pigmenti au ya rangi ya akriliki. Michoro midogo mno, kama maua ya kanga au maandishi ya jezi, usijilazimishe kuichora kwa mkono. Ichapishe kwenye karatasi maalumu ya kubandua kwa maji, iteleze mahali pake, ifunike kwa vanishi. Kwa mtandio au kanga ya kitambaa, chukua kitambaa chembamba cha pamba, kichovye kwenye gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, kikaushe kikiwa kimenyooshwa, ndipo ukikate. Gundi huzuia nyuzi zisichambuke.

Subiri angalau saa 24 kabla ya vanishi. Vanishi isiyong'aa inafaa kwa nguo, inayong'aa kwa viatu na helmeti. Ukimaliza usikiache kisanamu dirishani kwenye jua, kwa sababu mwanga wa jua hugeuza ABS nyeupe kuwa ya manjano, na kanzu ya mzee ndiyo itakayoonyesha mapema.

Hewa, risasi na watoto

Fanya kazi mahali penye upepo, nje ikiwezekana. Barakoa ya kawaida huzuia vumbi tu. Mvuke wa gundi na wa rangi za kupuliza unapita. Kula na kunywa kuwe mbali na meza ya kazi, na nawa mikono kabla ya chakula.

Soma kopo la rangi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hakuna kiwango cha madini ya risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, na bado zipo rangi za mafuta sokoni zenye madini hayo. Kopo lisiloonyesha mtengenezaji wala viambato lisitumike kwenye kitu kitakachoshikwa na mtoto, hata kama rangi yake imekupendeza kiasi gani.

Watoto wa shule wanaweza kushiriki, na wanafurahia sana. Wape kuchagua vipande, kuosha, kusugua kwa msasa wa maji na kupaka akriliki. Kisu, msumeno, supa gluu na rangi za kupuliza vibaki mikononi mwa mtu mzima.

Ukitaka kuuza

Umbo la kisanamu limelindwa. Tarehe 16 Juni 2015 Mahakama ya Jumla ya Umoja wa Ulaya ilithibitisha kuwa ni alama ya biashara ya Lego, ingawa mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya umoja huo ilikuwa imekataa kulipatia tofali lenyewe ulinzi kama huo. Kubadilisha kisanamu ulichonunua kwa matumizi yako ni jambo moja. Kumwaga plastiki kwenye kalibu ili utoe nakala za mwili wake, au kutumia nembo ya kampuni kana kwamba wewe ni tawi lake, ni jambo lingine, na usilifanye. Andika wazi kwenye kifungashio kwamba kazi imebadilishwa kwa mkono na kwamba kampuni haihusiki.

Na kwa kuuza au kwa kutoa zawadi, mwambie anayepokea kwamba ulinzi wa kiwandani umekwisha. Kinundu cha kichwani kina tundu lililowekwa ili hewa ipite iwapo kichwa kitamkwama mtoto kooni. Epoksi yako inaweza kuwa imeliziba. Vipande vilivyoungwa vinaweza kuachia, rangi inaweza kutafunwa. Tafadhali usimpe kisanamu ulichokibadilisha mtoto wa chini ya miaka 3, wala mkubwa kuliko huyo ambaye bado anatia vitu mdomoni.